Giaboksi ya mtumba ya Pathfinder: ukiwa Marekani, anza na rejeta

Tunazungumzia Nissan Pathfinder ya 2005 hadi 2010, ya V6 ya lita 4.0. Ugonjwa wake uko kwenye rejeta, na Xterra na Frontier za miaka hiyo zinao uleule. Oili ya gia hupozwa kwenye bomba lililomo ndani ya rejeta. Bomba likipasuka, kulanti (maji ya kupoza injini) inaingia kwenye giaboksi. Fungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa imepoa. Ukikuta uji wa pinki, giaboksi imeshakunywa maji, na kubadilisha oili hakutaiokoa: kulanti hubandua gundi inayoshika bitana za klachi ndani.

Sasa mtego. Mtu ananunua giaboksi nzima kabisa, anaifunga, rejeta anaacha ileile. Ya pili inakufa kama ya kwanza. Akirudi skrepa, yaani yadi ya magari mabovu alikoinunua, na waranti yake anaulizwa: risiti ya rejeta mpya iko wapi? Na ya kusafisha mabomba ya oili? Hana. Basi, waranti haipo tena. Narudia: rejeta mpya kabla ya giaboksi, na risiti iwe na tarehe, maili na namba ya chesisi. Hata waranti ikikubaliwa, nyingi hulipia giaboksi tu. Pesa ya ufundi ni juu yako, labda uwe umenunua waranti ya ufundi siku ileile.

Huku si Gerezani ya Dar wala Kirinyaga Road ya Nairobi, ambako muuzaji anakufahamu na mnaweza kuyamaliza kwa maneno. Kaunta watakuchekea, watakuita kwa jina la kwanza kama mmekua pamoja, halafu watasoma karatasi. Kisichoandikwa hakikusemwa.

Nanyi shangazi na binamu mnaosema "yupo kijana wetu, atafunga Jumamosi pale maegesho kwa bei ya undugu": kijana ni fundi kweli, hatukatai. Ila waranti nyingi zinataka risiti ya gereji iliyosajiliwa, na undugu hauna risiti.

Chunguza pia giaboksi imetoka gari gani. Pathfinder nyingi zimefika skrepa kwa ugonjwa huuhuu! Omba namba ya chesisi, utazame historia yake. Tafuta iliyogongwa ikiwa inatembea, hasa iliyogongwa nyuma. Dai picha ya oili yenyewe. Nyekundu ni nzuri, ya maziwamaziwa iache hata wakikupa bure. Mwaka na injini vilingane, na 4WD haibadilishani na 2WD. Kompyuta ya gia imo humohumo ndani, kwa hiyo "inafanana" haitoshi.

Kufunga: oili Matic-S, lita 10 hivi. Tokikonveta, ile inayounganisha injini na giaboksi, iingie mpaka mwisho kwanza. Ikiwa fundi anavuta giaboksi kwa bolti ili ikutane na injini, msimamishe, anavunja pampu.

Giaboksi kuukuu irudishe skrepa bila kuifungua, oili imemwagwa, kabla ya tarehe iliyo kwenye risiti. Ukichelewa, amana uliyotozwa kwa ajili ya hiyo kuukuu haitarudi.