Kabla Hujachagua Kati ya Fleti Mbili za Mjini

Umezunguka na madalali hadi miguu imechoka, na sasa zimebaki fleti mbili. Moja iko juu kabisa, ina mwanga na upepo. Nyingine iko ghorofa za chini, ya kawaida tu, haina cha kusimulia. Nyumbani kila mtu ana yake anayoitaka. Kabla hujalipa hata senti, fanya haya yafuatayo, na uyafanye kwa zote mbili kwa karatasi ileile. Moja ukiipima kwa futi na nyingine kwa macho, macho yatashinda.

Usilinganishe kodi tupu. Jumlisha ada ya ulinzi na usafi, maegesho, maji, na nauli ya mwezi mzima ya kila anayetoka humo asubuhi.

Safari ya kazini ifanye kweli, siku ya kazi, saa yako ileile, ukianzia mlangoni mwa fleti na si getini. Ramani ya simu haihesabu muda wa kusubiri lifti.

Pima fanicha. Wewe unatoka kwenye nyumba yenye milango mipana na ua. Kochi lako halijawahi kupandishwa ngazi. Pima mlango, pima lifti, na zaidi ya vyote pima kona ya ngazi, maana mara nyingi kochi hukwama pale wakati mlangoni lingepita. Uliza pia nguo zinaanikwa wapi.

Sasa maji. Hapa naomba unisikilize vizuri.

Sisi tulipohama kutoka pembezoni tulikuwa na uchaguzi kama huo wako. Nilikwenda kuiona ile ya juu saa 5 asubuhi. Nikafungua bomba la jikoni, maji yakatoka, nikaandika "maji yapo" kisha nikaendelea kukagua makabati. Tukasaini mwaka mzima.

Jumatatu ya kwanza, saa 12 asubuhi, nikafungua shawa. Maji yakashuka kama uzi, yakiufuata ukuta badala ya kunimwagikia. Hita ya kuogea haikuwaka. Nikazima, nikawasha, nikageuza kitufe hadi mwisho, hola. Nikamwita fundi, akabadilisha kichwa cha shawa. Wa pili akasafisha mabomba. Wa tatu, mtu mzima aliyetulia, hakufungua hata mkoba wake. Alinipandisha juu ya paa, akagonga tangi kwa kiganja, akaniuliza, "Kutoka hapa hadi shawa yako ni mita ngapi?" Nikakisia 3. Akaniambia, "Basi ndiyo presha yako hiyo."

Tangi likiwa juu ya paa, maji husukumwa na uzito wake yenyewe. Kila mita 10 za kimo hutoa takribani bar 1 ya msukumo (bar ni kipimo cha presha), kwa hiyo mita 3 hutoa bar 0.3 tu. Hita za papo kwa papo zina swichi inayosubiri maji yapite kwa nguvu ya kutosha ndipo iruhusu umeme, ili isijiunguze. Yangu ilikuwa nzima kabisa. Ile fleti ya chini tuliyoikataa ilikuwa zaidi ya mita 20 chini ya tangi, yaani bar 2 na ushei, bila kufanya lolote. Wengi hudhani aliye karibu na tangi ndiye anayefaidi, kumbe ndiye anayepata msukumo mdogo kuliko wote. Na jengo linalosukumiwa maji kutoka chini nalo hupoteza msukumo kadiri bomba linavyopanda, isipokuwa kama kuna pampu ya kuongeza presha huko juu.

Halafu kuna suala la saa. Saa 5 asubuhi jengo lilikuwa tupu, bomba lote langu. Saa 12 kila ghorofa imefungua, na kama mnatumia bomba moja la kushukia, wa juu mnabaki na masazo. Tukaomba kuweka pampu. Tukajibiwa kwamba paa ni la wote na haiwezekani. Mama yangu, ambaye tunaishi naye na magoti yanamsumbua, hawezi kuinama kwenye ndoo. Akawa anasubiri hadi saa 3, watu wakishaondoka, ndipo aoge. Mwaka mzima. Hakulalamika hata siku moja, na ndilo lililoniuma zaidi.

Kwa hiyo nenda na ndoo ya lita 10 na saa. Nenda saa 12 asubuhi, au saa 1 jioni watu wakirudi. Fungua shawa na bomba la jikoni kwa pamoja, kinga ndoo chini ya shawa. Ikijaa ndani ya dakika moja, uko salama. Shawa nzuri inataka lita 8 hadi 10 kwa dakika. Ikichukua dakika 3, usikubali maelezo, taka kuona pampu. Washa hita na ushike maji kwa mkono wako mwenyewe. Uliza tangi liko wapi, na umeme ukikatika pampu inaendeshwa na nini. Dalali atakuambia saa hizo hafungui. Msubirie siku nyingine, au achana na fleti hiyo.

Mengine ni ya haraka. Simama chumbani unakotaka kulala upige simu. Kuta nene za zege hudhoofisha mtandao. Angalia ukuta utakaoweka kitanda, kama nyuma yake kuna lifti au chumba cha pampu, utaisikia usiku kucha. Rangi mpya kwenye kona moja tu ya chumba, wakati kuta nyingine ni za zamani, mara nyingi imeficha unyevu: vuta kabati, nusa. Tazama nondo za madirisha, lipi linafunguka kwa ndani moto ukitokea? Shuka kwa ngazi za dharura hadi chini, uone kama mlango wa mwisho una kufuli.

Mita ya umeme iwe yako peke yako. Mkataba uandike nani anatengeneza nini, na amana inarudi baada ya siku ngapi. Piga picha kila ukuta kabla hujaingiza mzigo. Badilisha kitasa siku ya kwanza. Ongea na mlinzi wa zamu ya usiku, dalali asiwepo. Ukiweza, ongea na mpangaji wa mlango wa pili pia, umwulize anaoga saa ngapi.

Na funguo za nyumba ya zamani usizirudishe bado. Kaa nazo hadi mtakapolala huko mjini usiku wa kwanza, na asubuhi yake kila mtu awe ameoga.