Shavu la mguu likiuma ukitembea: hatua kwa hatua za kuufundisha msuli na mishipa yake

Wagonjwa wa aina hii husimulia karibu maneno yaleyale. Natembea kidogo, shavu la mguu linakaza na kuuma. Nikisimama dakika mbili tatu linaacha. Nikianza tena, umbali uleule, linarudi. Wengi ni watu wazima waliopita miaka 50, wavutaji wa sigara, wenye kisukari, presha au kolesteroli. Ateri za mguu zimesinyaa kwa mafuta yaliyoganda ukutani, damu inatosha mtu akikaa lakini haitoshi akitembea.

Nyumbani wanaambiwa waupumzishe mguu. Mimi mtaalamu wa fiziotherapia nawaambia kinyume chake: ukishapimwa na kuruhusiwa, mguu huo utembezwe, tena mpaka uume.

Hatua ya 1: Pimwa kwanza

Daktari au muuguzi atapima presha ya kifundo cha mguu na ya mkono, kisha agawanye ya mguu kwa ya mkono. Jibu likiwa 0.9 au chini, ateri zina tatizo. Mwenye kisukari cha muda mrefu awe mwangalifu na namba hii, kwa sababu ateri zake zinaweza kuwa zimekakamaa, hazibanwi na mkanda wa mashine, na kipimo kikaonyesha uzima usiokuwepo. Aombe kidole gumba cha mguu nacho kipimwe.

Usianze mazoezi haya kama mguu unauma hata ukiwa umelala, kama una kidonda kisichopona, au kama kifua kinakubana ukitembea. Na mguu ukibadilika ghafla ukawa wa baridi, mweupe na wenye ganzi, nenda hospitali saa hiyohiyo, usingoje asubuhi.

Hatua ya 2: Pata kipimo chako cha mwanzo

Tafuta njia tambarare isiyo na pikipiki nyingi, jua likiwa bado dogo. Huhitaji mashine wala simu ya kisasa. Nguzo za umeme zinatosha. Tembea kwa mwendo wako wa kwenda sokoni, hesabu nguzo, uandike mambo mawili kwenye daftari: maumivu yalianzia nguzo ya ngapi, na ulilazimika kusimama nguzo ya ngapi. Namba hizo mbili ndizo tutakazozifuata.

Hatua ya 3: Jifunze ngazi za maumivu

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo soma taratibu. Sifuri ni hakuna kitu. Moja, unahisi shavu la mguu linaanza kukaza. Mbili, linauma, lakini mtu akikusalimia na kukupigia stori unasahau kidogo. Tatu, linauma kiasi kwamba hata akikuambia habari ya mpira husikii. Nne, huwezi kuinua mguu.

Unasimama ukifika kati ya mbili na tatu. Anayesimama kwenye moja anajihurumia bure. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2021 ulilinganisha, kwa miezi 12, waliotembea polepole bila maumivu na waliotembea kwa kasi ya kuleta maumivu. Wa pili walipiga hatua. Wa kwanza hawakuwapita watu ambao hawakupewa mazoezi ya kutembea kabisa.

Hatua ya 4: Zoezi lenyewe

Anza na dakika tano za mwendo wa pole. Kisha ongeza kasi, kasi ya kuleta maumivu ndani ya dakika tatu hadi tano. Yakifika kiwango tulichosema, simama au kaa mpaka yaishe kabisa, si yapungue tu. Endelea. Rudia hivyo mpaka zitimie dakika 30, mapumziko yakiwemo, na kadiri wiki zinavyokwenda ufike 50 au 60. Angalau mara tatu kwa wiki.

Na usichechemee! Mtu akiuonea huruma mguu mbovu, uzito wote huuangushia mguu mzima. Wanafiziolojia, wanaochunguza jinsi mwili unavyofanya kazi, waliwahi kufanyisha watu mazoezi ya mguu mmoja tu, na mabadiliko ya ndani ya msuli yakaonekana kwenye mguu uliofanya kazi. Mwenzake ulibaki vilevile.

Kinachoendelea ndani

Nalieleza hili kwa kila mgonjwa, maana asiyeelewa kwa nini aumie huacha wiki ya pili.

Ateri iliyoziba haizibuki kwa kutembea. Ndiyo maana ukipimwa tena baada ya miezi mitatu, ile namba ya kifundo mara nyingi haijasogea hata kama umbali wako umeongezeka sana. Usivunjike moyo, mabadiliko yako kwingine.

La kwanza ni kapilari, vile vimishipa vyembamba ambavyo chembe nyekundu za damu hupita moja moja kwa mstari. Msuli ukikosa oksijeni wakati wa kazi hutoa protini inayochochea vimishipa vipya kuchipua. Mwaka 1977 watafiti Per Andersen na Jan Henriksson waliwaendeshesha baiskeli vijana wenye afya kwa wiki 8, wakakuta kapilari za paja zimeongezeka kwa karibu asilimia 20. Vimishipa vikiwa vingi, oksijeni husafiri masafa mafupi kuufikia uzi wa msuli, na damu hiyohiyo kidogo hutumika vizuri zaidi.

La pili ni mitokondria, sehemu za seli zinazogeuza chakula na oksijeni kuwa nguvu. Mtafiti John Holloszy alionyesha mwaka 1967, kwa panya waliokimbizwa kwenye mashine, kwamba uwezo wa mitokondria za msuli unaweza kuongezeka karibu maradufu.

La tatu ni ukuta wa mshipa. Damu inayopita kwa kasi huusugua utando wa ndani, nao hutoa gesi ya nitriki oksidi inayoulegeza mshipa upanuke. Sigara huivuruga kazi hiyo moja kwa moja. Mtu anayetembea dakika 50 halafu anawasha sigara kwenye kibanda cha kahawa anajenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine, na hili huwa silizungumzi kwa upole.

Hatua ya 5: Ongeza ugumu

Ukiweza kutembea dakika nane hadi kumi bila kufika ngazi ya tatu, zoezi limekuwa jepesi. Kaza mwendo, au hamia njia yenye kilima kidogo. Kimoja kwa wakati mmoja.

Hatua ya 6: Nyayo

Vaa raba zenye nafasi mbele, na soksi. Ndala hapana. Kila jioni angalia nyayo na katikati ya vidole. Asiyeweza kuinama amwombe mjukuu. Mwenye kisukari anaweza kutembea na kijiwe ndani ya kiatu siku nzima asijue. Ukiona lengelenge, simamisha mazoezi hadi likaguliwe.

Hatua ya 7: Rudi kwenye nguzo

Usitegemee kitu kikubwa wiki mbili za mwanzo. Wiki ya 12 rudia kipimo cha mwanzo, njia ileile, mwendo uleule, ulinganishe na daftari. Dawa za presha, za kolesteroli na za kuzuia damu kuganda endelea nazo kama daktari alivyoandika, hata kama mguu umepona machoni pako. Na ukisafiri, au msiba ukakuweka mwezi mzima bila kutembea, usianzie ulipoachia: msuli hupoteza mitokondria upesi kuliko ulivyozipata. Pima upya, uanzie hapo.