Kubadilisha mipira ya rejeta ya Land Rover ya zamani na kuweka ya silikoni

Land Rover za Series III, zilizotengenezwa Uingereza kati ya mwaka 1971 na 1985, bado hazijaisha Mwanza. Nyingine zinabeba dagaa kutoka mwaloni Kirumba, na nyingine zimelazwa chini ya turubai zikisubiri mwenyewe apate nafasi. Yangu ina injini ya petroli ya lita 2.25, na maelezo haya yanatokana na kazi niliyoifanya juu ya gari hilo, ingawa mengi yanafaa kwa gari lolote la umri huo.

Mpira wa kawaida huanza kuharibika kwa ndani, kwa hiyo unaweza kuuona mzima kwa nje hali umekwisha. Mpira wangu wa chini ulipasukia kwenye foleni ya kivuko cha Kigongo, kabla daraja halijafunguliwa, na asubuhi ile ile nilikuwa nimeufuta vumbi na kuridhika nao. Silikoni huvumilia joto la hadi nyuzi 180 hivi na haigandi kuwa ngumu kama mti baada ya miaka michache. Hata hivyo, ni laini kuliko mpira wa kawaida, na ulaini huo ndio unaowasumbua mafundi wengi: mpira wenyewe haupasuki, bali maji hutoka kwenye maungio.

Hatua ya kwanza ni kupima kabla ya kununua. Pima kipenyo cha nje cha shingo, yaani bomba fupi la rejeta au la injini ambalo mpira utalivaa, wala usipime mpira wa zamani, kwa sababu huo umeshatanuka. Kipenyo cha ndani cha silikoni kilingane na kipimo hicho. Muuzaji akikuambia kwamba saizi kubwa kidogo itabanwa na klipu, msikilize kwa adabu kisha uondoke, kwani silikoni iliyolegea ikibanwa hufanya mkunjo, na maji hupita kwenye mkunjo huo. Kumbuka pia kwamba ukuta wa silikoni kwa kawaida ni mnene, milimita nne hadi tano, hivyo klipu za zamani huenda zisifike. Nunua klipu mpya ambazo utepe wake ni laini upande wa ndani. Zile zenye matundu yaliyotobolewa utepe mzima huikata silikoni kama kisu butu, taratibu, mpaka nyuzi za kitambaa zilizo ndani yake zionekane.

Hatua ya pili ni kumwaga maji injini ikiwa imepoa kabisa. Fungua mfuniko wa rejeta, elekeza hita upande wa moto, kisha fungua koki ya chini ya rejeta na ile iliyo ubavuni mwa bloku ya injini. Koki ya bloku mara nyingi huziba kwa kutu. Ichokonoe kwa waya hadi itiririke. Kinga kila kitu kwenye beseni. Kulanti, ile dawa inayochanganywa na maji ya rejeta, ina sumu na ladha yake ni tamu, kwa hiyo mbuzi na mbwa huilamba, na ukiimwaga mtaroni hapa mjini itaishia Mto Mirongo na hatimaye ziwani.

Hatua ya tatu ni kuivua mipira ya zamani. Usiivute kwa nguvu wala usiizungushe kwa koleo, kwa maana shingo za rejeta ni za shaba nyembamba zilizolehemiwa. Ipasue kwa urefu kwa wembe, ukiwa mwangalifu usiikwaruze shingo, kisha uibandue kama ganda la muhogo. Ule mpira mfupi unaounganisha pampu ya maji na nyumba ya thamostati (vali inayofunguka maji yakipata moto ili yaende kwenye rejeta) unahitaji subira ya pekee, kwa kuwa hauna nafasi ya kupinda na kwa kawaida utalazimika kuifungua nyumba ya thamostati ili uutoe. Bolti zake ni ndefu, zinapita kwenye aluminiamu, na hushikwa na kutu hadi zinakatika. Zinyunyizie mafuta ya kulegeza kutu jioni, uziache zilale, na asubuhi uzizungushe kidogo mbele na nyuma. Niliwahi kukata moja kwa haraka zangu, na kuichimbua kukanila siku nzima. Kwa kuwa umeshafika hapo, weka thamostati na gasketi mpya.

Hatua ya nne ndiyo kazi yenyewe, na kama una saa tatu tu za kufanya shughuli hii yote, mbili zitumie hapa. Safisha kila shingo kwa msasa laini, ukiuzungusha kuifuata shingo na si kwa urefu wake, maana mkwaruzo wa urefu ni mfereji wa maji. Pitisha ukucha: ukikwama popote, endelea kusugua. Kwenye nyumba ya thamostati utakuta unga mweupe wa aluminiamu iliyolika. Unga huo ukiondoka na kuacha vishimo vyenye kina, kipuri hicho kijazwe au kibadilishwe, kwa sababu silikoni haijishikizi kwenye chuma kama ufanyavyo mpira wa kawaida baada ya muda.

Hatua ya tano, valisha mipira. Ukihitaji ulainisho, tumia maji ya sabuni kidogo; grisi na mafuta hudhuru silikoni, na ndiyo maana pia mipira hii haifai kupitisha petroli wala mafuta ya injini. Tanguliza klipu kwenye mpira, sukuma mpira upite ukingo uliotuna wa shingo, kisha sogeza klipu ikae milimita tatu hadi tano nyuma ya ukingo huo. Kaza hadi uso wa silikoni uanze kubonyea sawasawa pande zote, halafu acha. Hakikisha mpira wa chini haujajikunja, kwa sababu upo upande ambao pampu inavuta, na ukiwa mlaini kupita kiasi unaweza kunywea injini inapokimbia.

Hatua ya sita ni kujaza. Hapa kwetu barafu haitusumbui, lakini kulanti inahitajika kwa dawa yake ya kuzuia kutu, kwa hiyo changanya nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa. Ukiyanunua kwa jina la maji ya betri, soma chupa kwanza, kwani asidi nayo huuzwa kwa jina hilo hilo. Jaza polepole mfuniko ukiwa wazi, washa injini, na uminye mpira wa juu mara kwa mara ili hewa itoke. Thamostati ikifunguka, kina kitashuka ghafla. Ongeza, kisha funga mfuniko.

Mfuniko wenyewe ukaguliwe. Mwanza iko kwenye mita 1,140 hivi juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji matupu yasiyo na shinikizo huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Mfuniko ulioishiwa springi hautunzi shinikizo, hivyo utalifanya gari lichemshe kwenye mlima wa Bugando, nawe utailaumu mipira mipya bure.

Endesha hadi Usagara na kurudi, acha gari lipoe usiku kucha, kisha kaza kila klipu tena asubuhi kabla hujawasha. Silikoni hulegea kidogo baada ya joto la kwanza, na uvujaji wake huonekana injini ikiwa baridi, tone moja moja chini ya ungio. Rudia ukaguzi huo baada ya wiki moja. Ukiona kina cha maji kimepungua kidogo mno baada ya miezi kadhaa bila tone lolote chini, usihangaike: silikoni hupitisha mvuke kiasi, na kuongeza kikombe kunatosha.