Somo: Kuchagua fani yako na kupanga mashujaa saba katika Guild Wars

Somo hili ni la mchezo wa kompyuta wa Guild Wars ya kwanza, ile iliyotoka Aprili 2005, si Guild Wars 2. Mashujaa wanaoongozwa na kompyuta waliingia na toleo la Nightfall mwaka 2006, wakaongezeka na Eye of the North mwaka 2007. Hapo awali uliruhusiwa kuchukua watatu tu, na nafasi nyingine unazijaza na wasaidizi wa mjini. Tangu Machi 2011 unaweza kutoka na mashujaa saba, kundi zima la watu wanane likawa lako.

Kwa hiyo ukichagua fani (aina ya mpiganaji wako) unachagua nafasi moja kati ya nane. Kompyuta ipewe kazi inayoifanya vizuri kuliko mkono wa mtu, nawe ubaki na ile ambayo ikikabidhiwa inaiharibu. Anza na hilo, hatua nyingine zitafuata.

Hatua ya 1: Fani ya kwanza

Fani ziko 10. Warrior, Ranger, Monk, Necromancer, Mesmer na Elementalist ni za tangu mwanzo. Assassin na Ritualist zilikuja na toleo la Factions, Paragon na Dervish zikaja na Nightfall. Kila mhusika hubeba fani mbili. Ya pili inabadilishika baadaye. Ya kwanza haibadiliki, ukiichoka unaanza mhusika mpya.

Uzito wa fani ya kwanza uko kwenye sifa yake ya msingi, ambayo mwenye fani hiyo kama ya pili haipati kabisa. Expertise ya Ranger hupunguza gharama ya nishati ya stadi zake, na ya mashambulizi pia, kwa asilimia 4 kila daraja. Energy Storage ya Elementalist huongeza akiba ya nishati 3 kila daraja. Soul Reaping humpa Necromancer nishati kiumbe akifa karibu naye, lakini si zaidi ya mara 3 ndani ya sekunde 15. Isitoshe, deraya na runi (viongeza nguvu vinavyowekwa kwenye deraya) unazovaa ni za fani ya kwanza tu.

Kosa linaloonekana kila siku ni Warrior anayechukua Monk kama fani ya pili ili ajiponye. Warrior ana nishati 20 na vishale viwili vya kuirudisha. Kila kishale hurudisha nishati 1 kwa sekunde 3, kwa hiyo uchawi wa tiba wa nishati 10 utamgharimu sekunde 15 za kusubiri. Monk mwenyewe ana vishale vinne. Warrior huyo anaponya vibaya na anapiga vibaya.

Sasa uchague ipi? Ushauri wangu kwa anayecheza na mashujaa ni fani ya mstari wa mbele au ya sauti (inayosaidia kundi kwa kupaza sauti): Warrior, Dervish, Assassin au Paragon. Sababu ni mbili. Kwanza, kompyuta haijui kusimama mahali pazuri. Shujaa mwenye upanga hukimbilia adui wa mbali akavuta kundi la pili. Pili, ziko stadi za pekee ambazo mashujaa hawaruhusiwi kuzitumia, wewe unaruhusiwa tatu kwenye upau wako wa stadi nane. "Save Yourselves!" ni mfano mzuri: huongeza deraya 100 kwa wenzako wote kwa sekunde 4 hadi 6, na hulipwa kwa adrenalini unayoipata kwa kupiga. Anayepiga haraka anaweza kuirudia karibu bila kukatika. Hakuna shujaa atakayekufanyia hivyo.

Hatua ya 2: Pointi 200

Ukifika kiwango cha 20 una pointi 170 za kupandisha sifa, na kazi maalumu mbili zinakuongezea 30. Bei hupanda kadiri unavyopanda: daraja la 12 linagharimu jumla ya pointi 97, la 10 pointi 61, la 8 pointi 37. Sifa mbili za 12 zinakula 194, na zilizobaki 6 zinatosha daraja la 3 tu kwenye sifa ya tatu. Mgawanyo wa 12, 10 na 8 unatumia 195 na unafaa wengi. Mjini unaweza kupanga upya bure wakati wowote, kwa hiyo jaribu bila woga.

Kofia huongeza daraja 1. Runi ndogo huongeza 1, ya kati 2 ikikata uhai 35, na ya juu 3 ikikata uhai 75. Mhusika wa kiwango cha 20 ana uhai 480. Ukimvisha runi tatu za juu anabaki na 255 kabla ya nyongeza nyingine, na huyo hata kombora moja linamtoa. Runi mbili za sifa ileile hazijumlishiki, ila hasara ya uhai inajumlishika. Weka moja ya juu, au usiweke kabisa.

Hatua ya 3: Wape mashujaa kazi zao

Kompyuta ina kasi ya kuona. Adui akianza kurusha uchawi wa sekunde moja, shujaa Mesmer anamkatiza kabla jicho lako halijasoma jina la uchawi. Pia haisahau kufufua wafu wa kupigania kila maiti inapoanguka, na huona mara moja nani anahitaji tiba. Inachoshindwa ni mitego, kupanga mapigo ya Assassin kwa mfuatano, na kutunza nishati yake ikiwa umemjazia stadi ghali.

Kundi la watu wanane ninalolipendekeza kwa mwenye fani ya mbele ni hili.

Mesmer watatu. Gwen na Norgu ni Mesmer tayari, na Razah unaweza kumgeuza awe Mesmer. Mmoja abebe Energy Surge: kila pointi ya nishati anayonyang'anywa adui humuumiza yeye na walio karibu kwa 9. Madhara hayo hayajali deraya, ndiyo maana yanafanya kazi kwenye hali ngumu (Hard Mode) ambako maadui ni wagumu zaidi. Mwingine abebe Panic, ambayo adui mmoja akifanikisha stadi, wenzake walio karibu wanakatizwa.

Necromancer mmoja wa wafu, kwa mfano Olias au Livia. Idadi ya wafu ni 2 ukijumlisha nusu ya daraja la Death Magic, sifa yake ya kuita wafu: daraja la 12 wafu 8, la 16 wafu 10. Wafu hupoteza uhai kadiri muda unavyopita, kwa hiyo usizubae kati ya vita.

Necromancer wa pili mwenye Ritualist kama fani ya pili, awe mponyaji. Watu hushangaa kwa nini si Monk. Ni Soul Reaping: katikati ya vita viumbe wanakufa, naye anajazwa nishati wakati ule ule tiba inapohitajika zaidi.

Ritualist mmoja, Xandra, mwenye Soul Twisting pamoja na mizimu ya Shelter na Union. Huyu ndiye anayezuia kundi kufutwa kwa pigo moja. Nafasi inayobaki mpe Monk wa ulinzi, Dunkoro, Tahlkora au Ogden, akiwa na Protective Spirit, ambayo hairuhusu pigo au uchawi mmoja kukata zaidi ya asilimia 10 ya uhai.

Hatua ya 4: Kabla hujatoka mjini

Wape silaha wanazokidhi masharti yake. Shujaa mwenye Domination Magic (sifa ya Mesmer) akishika fimbo ya uchawi wa moto, madhara ya fimbo hiyo hupungua. Stadi ya kufufua iwe kwa mashujaa wawili, watatu kwa wingi. Wakiwa nayo wote, mtu mmoja akianguka nusu ya kundi inaacha kupigana. Kila kifo hukata asilimia 15 ya uhai na nishati, hadi 60.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, mimi bado niko maeneo ya watu wanne. Nianze na nani?
Jibu: Mponyaji mmoja, Mesmer mmoja, na Necromancer wa wafu. Maadui wa maeneo fulani hawaachi maiti ya kutumika. Huko mtoe Necromancer uweke Elementalist.

Swali: Ritualist wangu anaweka mizimu halafu tunaiacha nyuma, nishati inaisha bure.
Jibu: Unavuta maadui mbali mno. Tumia bendera zilizo kwenye dira: simika kundi mahali pamoja, nenda mwenyewe ukavute adui, rudi nao penye mizimu. Ondoa bendera vita vikiisha, la sivyo utaondoka peke yako.

Swali: Shujaa wangu anatumia stadi nisiyoitaka kila saa. Niitoe?
Jibu: Si lazima. Fungua upau wake, shika Shift ubofye stadi hiyo. Itafungwa na hataigusa mpaka uifungue. Stadi inayohitaji kuwekwa kwa wakati maalumu ifunge, uibofye mwenyewe ikifika saa yake.

Swali: Mimi napenda uponyaji. Nikichagua Monk nimekosea?
Jibu: Hujakosea, ila badilisha mpango. Toa mponyaji mmoja, weka Mesmer mwingine, na jifunze kutaja adui kwa Ctrl na Space ili mashujaa wampige mmoja. Monk wengi huangalia vipimo vya uhai tu, na mashujaa wanabaki kila mmoja na adui wake.