Kupiga picha majengo yaliyoachwa, na kunoa picha bila kuikata

Wale huniuliza hizi picha za kutu natoa wapi, jibu ni fupi, huku kwetu zimejaa. Ukifuata ile reli ya zamani kutoka Nakuru, iliyofika ziwani 1901 wakati Kisumu bado inaitwa Port Florence, utapita stesheni ndogo ndogo zimefungwa madirisha, na ukishuka huku kwa mashamba ya miwa kuna Miwani, kiwanda cha sukari ambacho hakijasaga kitu kwa zaidi ya miaka 20.

Lakini usiingie tu. Mahali panaweza kukaa kama pameachwa kumbe pako na mwenyewe, na soja juu. Mimi huanza na salamu, "Habari ya asubuhi mzee, naomba kupiga picha mbili tatu za hiyo mashine," halafu namwonyesha picha zangu kwa simu ajue mimi si mtu wa skrepu, maana hao ndio wanamsumbua. Akikutuma kwa ofisi, enda. Vaa viatu ngumu, funika pua sababu ya mavi ya popo, usiamini mbao za ghorofani na usiende peke yako. Na usisimame kwa reli eti imekufa, treni inaweza kupita.

Fika mapema, kabla saa tatu, jua likiwa bado linaingia kwa mashimo ya mabati likiwa limelala. Ndani ni giza kwa hivyo weka kamera kwa tripodi, ile stendi ya miguu mitatu, ISO 100 (kamera isihisi mwanga sana), f/8 (hii ni tundu la lenzi, namba ikipanda tundu linakuwa dogo), na taima ya sekunde 2 ndio usitingishe kamera ukibonyeza. Usifunge lenzi hadi f/22 ukidhani utapata ukali zaidi, hapo picha inalegea. Piga RAW, ile faili ya kamera ambayo haijakamuliwa. Ukali unatoka hapa, kwa kompyuta hakuna kitufe cha kuokoa picha iliyotingika, nimejaribu sana.

Sasa kunoa, yaani kuongeza ukali wa picha kwa kompyuta. Programu inatafuta pale giza na mwanga vinapakana, inaongeza giza upande huu na mwanga upande ule, basi, jicho linadanganyika linaona kitu kimekuwa kikali. Ukizidisha unapata mstari. Picha yangu ya kwanza nzuri ilikuwa ya stoo ya pamba, nikavuta slaida mpaka mwisho nikiwa na furaha, dada yangu akaiangalia akauliza mbona paa nimelikata na makasi nikalibandika kwa mawingu. Kweli, ukingo wote wa mabati ulikuwa na laini nyeupe kama ya chaki.

Siku hizi natoa chenga kwanza, zile nukta nukta zinazotokea kwa picha ya gizani, sababu ukinoa na chenga ziko unanoa chenga. Nakuza picha hadi 100%, ukiangalia ikiwa ndogo utazidisha tu. Radius, yaani upana wa ukingo unaonolewa, naweka kama 0.8, na Amount, yaani nguvu ya kunoa, napandisha polepole. Halafu kwa Lightroom, programu ya kuhariri picha, kuna Masking, slaida ya kuchagua sehemu gani inolewe, hiyo ndiyo dawa yenyewe, shikilia Alt ukivuta na picha inageuka nyeusi na nyeupe, nyeupe itanolewa na nyeusi itaachwa. Juzi nilikuwa na geji ya boila, sindano imekwama, kioo kimepasuka, kutu imebanduka kama maganda ya njugu. Nilivuta mpaka anga ya dirishani na plasta ya ukuta zikawa nyeusi tii, ikabaki sindano, ufa na maganda. Hayo ndiyo yanataka kunolewa, anga haina kitu ya kunoa. Kama huna pesa ya kulipia programu, GIMP ni ya bure na iko na Threshold, ya kuacha sehemu laini bila kunolewa, ndani ya kifaa chake cha kunoa kinachoitwa Unsharp Mask, inafanya kazi karibu hiyo hiyo.

Ukimaliza, punguza saizi kwanza, ndio unoe tena kidogo sana, mwisho kabisa, maana picha ikipunguzwa hulegea kidogo. Na mzee soja mtumie ya kwake kwa WhatsApp kama dokumenti, ukituma kama picha ya kawaida itakamuliwa na hizo maganda zote zitageuka uji.