Ongeza RAM kwenye deskitopu ya ex-UK: fungua, tambua, weka

Deskitopu nyingi za ex-UK (zilizotumika Uingereza) zinazouzwa Luthuli Avenue na Moi Avenue, Nairobi, bado zina prosesa nzuri kabisa. Kinachozifanya zijikokote ni RAM ndogo (kumbukumbu ya muda ya kazi zilizofunguliwa) au diski ya zamani, na hayo unaweza kuyarekebisha mwenyewe kwa bisibisi ya nyota na kifutio cheupe cha penseli.

Hatua ya 1: Jua tatizo liko wapi. Fungua programu unazotumia kila siku, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili Task Manager ifunguke. "Memory" ikipita asilimia 85, RAM haitoshi. "Disk" ikikwama kwenye 100 huku "Memory" iko chini, nunua SSD, yaani diski ya kasi isiyozunguka. Zote zikijaa, anza na RAM, maana ikijaa Windows huanza kuhamishia kazi kwenye diski.

Hatua ya 2: Kata umeme. Zima, chomoa waya ukutani, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10. Fungua kifuniko, kisha gusa fremu ya chuma ili umeme tuli ukutoke. Pawa saplai, lile boksi la chuma linaloingia waya wa umeme, usiifungue kamwe. Huhifadhi umeme hatari hata ikiwa imechomolewa.

Hatua ya 3: Tambua sehemu. Prosesa iko chini ya feni. RAM ni vile vibao virefu vilivyosimama kando ya prosesa. Ndani yake kila biti (0 au 1) ni chaji ndogo kwenye kapasita, kijisehemu cha kushikilia chaji, inayovuja, hivyo huongezwa chaji mara nyingi kila sekunde. Ndiyo sababu stima ikipotea, kazi ambayo hujaihifadhi hupotea nayo.

Hatua ya 4: Nunua inayofaa. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Chomoa RAM ya zamani uende nayo dukani. DDR3 na DDR4 ni vizazi viwili vya RAM: DDR3 ya deskitopu ina pini 240, DDR4 ina 288, na pengo la katikati haliko mahali pamoja, kwa hiyo haziingiliani. Deskitopu ndogo sana hutumia RAM fupi ya laptopu. Soma lebo kwa makini: PC3-12800U ni ya deskitopu, PC3-12800R ni ya seva. Hiyo ya seva inaingia vizuri kwenye nafasi yake na mara nyingi huuzwa bei ya kuvutia, lakini deskitopu ya kawaida haitawaka nayo. Ikatae.

Hatua ya 5: Weka. Fungua vibanio, linganisha pengo, sukuma ncha zote mbili mpaka usikie "ta".

Hatua ya 6: Washa. Ikipiga milio bila kuonyesha kitu, mara nyingi RAM haijakaa sawasawa. Kata umeme tena, ichomoe, sugua pini za dhahabu taratibu kwa kifutio, pangusa vumbi lake, kisha jaribu kibao kimoja kimoja. Saa ikirudi nyuma kila ukiwasha, badilisha betri ya CR2032, ile bapa ya duara iliyo ndani. Na ukiwa umeweka GB 8 lakini inayotumika haifiki hata GB 4, Windows yako ni ya biti 32: weka ya biti 64.