SOMO: Dar mpaka Kigali kwa pikipiki kupitia Rusumo, hatua kwa hatua (maswali ya wadau yako chini)

Wakuu salama. Kila kiangazi kikianza swali ni lile lile, nataka kutoka na pikipiki nivuke mpaka nianzie wapi, na mtu akiuliza hivyo mara nyingi anachotaka kusikia ni anunue chombo gani na cc ngapi. Mi nasema mpaka hauna habari na cc zako. Kuna watu wana midude ya cc 1200 wanakaa kivulini mpakani masaa na masaa wanasubiri barua ya mwenye pikipiki itumwe, huku jamaa wa Boxer 150 kashagongewa muhuri zamani na yuko mbele anakula mishikaki. Kwa hiyo somo hili naanza na karatasi, afu ndo chombo, afu barabara. Nachukua njia ya Dar, Moro, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, Lusahunga, Rusumo (hapo ndo mpaka wa Tanzania na Rwanda), Kigali, maana ndo njia ninayoijua, kama kilomita 1,500 hivi kwenda tu.

HATUA YA 1: KARATASI

Anza angalau mwezi mmoja kabla. Unahitaji pasipoti (au hati ya muda ya kusafiria kutoka uhamiaji), leseni yenye daraja A, kadi ya pikipiki orijino na bima. Jina kwenye kadi ya pikipiki lifanane na la pasipoti. Kama chombo ni cha kaka yako, cha kampuni au ulinunua kwa mtu ukawa hujabadilisha umiliki (na hapa tuko wengi, tusidanganyane), nenda na barua ya mwenye mali inayokuruhusu kuvuka nacho, imegongwa muhuri wa wakili, na kopi ya kitambulisho chake. Bila hiyo, ofisa wa forodha ana haki kabisa ya kudhani unaenda kuuza.

Sasa kuna kadi mbili za njano na watu wanazichanganya kila safari. Moja ni ya chanjo ya homa ya manjano, hiyo unachanjwa wewe, na uchanje angalau siku 10 kabla ya safari maana cheti kinaanza kufanya kazi siku ya kumi. Nyingine ni Yellow Card ya COMESA (umoja wa kibiashara wa nchi za mashariki na kusini mwa Afrika), hiyo ni ya chombo, ni bima ya kulipa mtu wa tatu ukimgonga ukiwa nchi za watu. Unaiomba kwa kampuni yako ya bima juu ya bima uliyonayo. Hakikisha nchi zote utakazopita zimeandikwa na tarehe inafika mpaka siku ya kurudi, weka na siku kadhaa za ziada maana pikipiki ikigoma huko haijali tarehe.

Piga kopi ya kila kitu seti tatu. Picha za simu weka pia ila usizitegemee, simu inaisha chaji pale pale ofisa anaponyoosha mkono.

HATUA YA 2: CHOMBO

Hapa sitakaa sana. Cheni na sproketi kama zimekaribia kuisha badilisha kabla, usiseme zitafika. Matairi vile vile. Mwaga oili ya zamani uweke mpya, pedi za breki mpya, betri pimisha. Begani au kwenye sanduku beba waya wa klachi, waya wa mafuta, plagi, tyubu moja ya mbele na moja ya nyuma, viraka, pampu ndogo na spana zinazofungua magurudumu YAKO, sio seti ya duka ina spana 40 na ile namba ya ekseli yako haipo. Kama una chombo kikubwa chenye vipuri vya kuagiza, beba vingi zaidi ya mwenye Boxer au TVS, kwa sababu yeye akikwama Nzega kila kona kuna fundi na duka, wewe utakwama na injini yako ya Ulaya mnatazamana tu.

Mzigo uwe chini na uwe katikati. Begi refu limefungwa juu ya keria linakuyumbisha kwenye upepo.

HATUA YA 3: KUNDI

Kundi likizidi watu kumi ligawanyeni. Mbele anakaa kiongozi anayeijua njia, nyuma kabisa anakaa mtu mwenye uzoefu na spana, huyo hapitwi na yeyote, akikuta mwenzenu kasimama anasimama naye. Katikati weka wenye injini ndogo na wageni. Spidi ya kundi ni spidi ya chombo kidogo kuliko vyote, full stop. Kama hamuwezi kwenda 80 na mwenye 150 basi msimualike, maana kumuacha peke yake porini afu mnapiga picha kwenye sheli hiyo sio safari ya pamoja.

Mkipanda zigizaga, mmoja kulia mmoja kushoto kwenye njia yenu, kila mtu anaona mbele na ana nafasi ya kukwepa. Kwenye kona rudini mstari mmoja. Na kila penye njia panda, usikate mpaka uhakikishe wa nyuma yako kakuona.

HATUA YA 4: BARABARA

Toka Dar saa kumi na moja alfajiri au usitoke. Kibaha mpaka Chalinze ni maroli na mabasi yanayopita kama pikipiki sio chombo cha moto, taa washa mchana kutwa, na basi likija mbele yako upande wako wewe ndo utatoka barabarani, hilo lichukulie limeshaamuliwa. Dar Dodoma ni kama kilomita 450, siku ya kwanza inatosha, lala Dodoma.

Trafiki wana tochi za kupima spidi na vijijini ni 50. Kibao cha 50 kipo kabla ya nyumba ya kwanza na cha kuruhusu kipo mbele huko, na hapo katikati hata kama unaona shamba tupu we nenda 50. Matuta mengine hayana rangi, yanakuja tu.

Kuanzia Manyoni kwenda Singida utakutana na upepo wa ubavuni, sio mchezo, pikipiki inalala upande huku unaenda mbele. Punguza spidi, legeza mikono, na ukipishana na roli jiandae, upepo unakatika ghafla afu unarudi kwa nguvu. Singida kula kuku, wale wa kienyeji ndo wenyewe, ila kula kidogo kama unaendelea maana mbele kuna mteremko wa Sekenke na usingizi wa mchana na zile kona haviendani. Shuka kwa gia, sio kwa breki tu, zikipata moto hazishiki tena.

Kahama lala. Mji una gesti nyingi, mafundi, benki. Kesho yake jaza tenki Kahama na uongeze tena Ushirombo hata kama bado. Kutoka huko mpaka Lusahunga ni mapori na vilima, miaka ya nyuma mabasi yalikuwa yanasindikizwa na polisi maeneo hayo kwa sababu ya majambazi, sasa hivi watu wanapita kawaida, lakini sheria yangu ni ile ile, saa kumi na mbili jioni chombo kimepaki. Na Lusahunga mpaka Rusumo maroli yanayokwenda Rwanda na Burundi yameila lami miaka mingi, tegemea mashimo, na tegemea roli linalokwepa shimo kuja kwako.

HATUA YA 5: MPAKANI

Rusumo ni kituo cha pamoja, maana yake ukienda Rwanda unavuka daraja la mto Kagera kwanza afu unamalizana na maofisa wa nchi zote mbili upande wa Rwanda, ukirudi unamalizana upande wa Tanzania. Uhamiaji kwanza, gonga muhuri wa kutoka na wa kuingia, afu forodha. Forodha ya kwetu waandikishe kwamba pikipiki inatoka kwa muda na itarudi, hiyo karatasi itunze kama pasipoti. Forodha ya Rwanda wanakupa kibali cha muda cha chombo chenye tarehe ya mwisho, isome hapo hapo kaunta, namba ya chesesi na ya injini zikikosewa herufi moja utasumbuka siku ya kutoka.

Vishoka (wale madalali wasio rasmi) watakufuata kabla hujashusha stendi, kila mmoja ana kibali cha haraka. Wapite kwa heshima, ingia ndani uliza dirishani. Mtu mmoja abaki na pikipiki, wengine waingie kwa zamu.

HATUA YA 6: UPANDE WA KULIA

Rwanda wanaendesha kulia. Kanuni ya kichwani ni moja, mstari wa katikati ya barabara uwe kushoto kwako. Ukifuata gari mbele hukosei, tabu ni asubuhi ukitoka hotelini au sheli na barabara tupu, mkono unarudi wenyewe kwenye mazoea. Mzunguko unauzunguka kinyume na wa kwetu na unampisha anayetoka kushoto.

Rusumo mpaka Kigali ni kama kilomita 160, lami safi, kona nyingi, na kamera za spidi nyingi kuliko kona. Sehemu kubwa mwisho wa spidi ni 60. Mtaona wenyeji wanatembea taratibu mtadhani wana mafuta kidogo, hapana, wanaijua faini. Mifuko ya plastiki wamepiga marufuku tangu 2008 kwa hiyo ile rambo uliyofungia nguo iache nyumbani. Saa zao ziko nyuma saa moja. Na Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi ni umuganda, nchi nzima iko kwenye kazi za jamii mpaka kama saa tano, msipange kukatiza mji muda huo. Wiki inayoanza 7 Aprili ni ya kuomboleza mauaji ya 1994, msiende na honi na muziki wiki hiyo, chagueni tarehe nyingine, na mwezi huo ni masika pia.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Morogoro: Mkuu Tanzania si tulitoka COMESA, sasa hiyo Yellow Card inatuhusu vipi?

Jibu: Tulitoka 2000 kweli, ila kwenye mpango wa Yellow Card tupo. Kampuni za bima za hapa zinatoa, we uliza tu wana zile kadi mkononi au mpaka waagize.

Mdau wa Nairobi: Niaje mkubwa, niko na Dominar 400, nataka kuwapata Singida nikitokea Namanga. Naweza kuja na ID pekee? Na logbook (kadi ya pikipiki) iko na jina langu pamoja na la benki, sijamaliza loan.

Jibu: Karibu sana. ID inakufikisha Uganda na Rwanda ukipita kwenu moja kwa moja, lakini huku unakatiza Tanzania, beba pasipoti. Kwa benki omba barua kwamba hawapingi chombo kutoka nje ya nchi, na uiombe mapema maana benki hawana haraka kama wewe. Njia yako ni Arusha, Babati, Singida, lami yote.

Dada wa Arusha: Mi nakaa nyuma ya mume wangu, siendeshi. Nahitaji nini? Na mgongo utapona kweli?

Jibu: Shemeji, pasipoti yako, kadi ya chanjo, helmeti nzuri ya kukutosha (sio ile ya bodaboda) na jaketi. Mgongo mwambie asimame kila baada ya saa moja na nusu, akikataa mpige ubavuni, hiyo ndo honi ya abiria. Na ujue ile Yellow Card inamlipa mtu mtakayemgonga, na matibabu yenu inagusa mkiumia kwenye ajali ya chombo tu, nje ya hapo haiwahusu, tafuteni bima ya matibabu ya safari.

Mdau wa Mwanza: Kurudi naweza kupita Uganda nisirudie njia ile ile?

Jibu: Ndo naipenda hiyo. Kigali, Gatuna, Mbarara, Masaka, unashuka Mutukula, Bukoba, Biharamulo, Geita, unapita daraja la Kigongo Busisi unaingia kwako Mwanza bila kusubiri kivuko. Uganda iandikwe kwenye Yellow Card, na ukivuka tu Gatuna unarudi kushoto, usisahau.

Kijana wa Mbeya: Nina Boxer 150 namalizia kuilipa, ila safari hii naiota kila siku. Je injini itavumilia au nitawachelewesha wenzangu?

Jibu: Itavumilia ukiipumzisha na ukiangalia oili kila jioni, zinaila kidogo zikienda mbio muda mrefu. Tenki lake la lita 11 linakwenda mbali kuliko midude mingi ya hapo kundini. Anayekupa chombo kwa mkataba akuandikie barua, ile ya Hatua ya 1. Kuchelewesha wenzako achana nako, soma tena Hatua ya 3 na uwatumie link.

Mdau wa Dodoma: Droni je? Nataka kupiga video ya Sekenke na Kigali.

Jibu: Nchi zote mbili zinataka kibali kabla. Kama huna, iache nyumbani, ikionekana kwenye begi mpakani kundi zima tutakusubiri wewe.